Kutoka Lugalo Hadi Ndolezi, Pamoja na Mjomba

Barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya ina zaidi ya kilomita 800, na wengi wetu tunaikumbuka kwa tumbo. Mwulize mtu yeyote aliyeizoea njia ile. Atakutajia vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, nyanya za Ilula, ulanzi ukiukuta msimu wake, na mchele wa Mbarali, ambao ukirudi mjini bila kuubeba utaulizwa ulikuwa wapi. Atakueleza mlima Kitonga, kona zake na malori yaliyolala ubavu. Sasa mwulize kuhusu Kalenga. Atakwambia alisoma shuleni. Amewahi kufika? Hapana, siku zote alikuwa anawahi.

Kuwahi ndiyo safari yetu. Tunasafiri kwa sababu kuna msiba, kuna harusi, shule zinafunguliwa au mgonjwa anahamishwa. Anayesafiri kwenda kuangalia tu anaonekana hana kazi, au ana hela za kuchezea. Nimekulia kwenye mabasi ya njia hiyo, kila Desemba kwenda Tukuyu kwa bibi. Nilizijua hoteli zote ambazo basi husimama abiria wale na kujisaidia, nikajua ipi chipsi zake zimelala na ipi wali wake wa moto. Vilivyokuwa nyuma ya vilima hivyo havikunihusu.

Aliyenibadilisha ni Mjomba, ndugu wa mama yangu, dereva mstaafu wa malori. Aliingia njia ya Tunduma miaka ya 1970, lami yake ikiwa bado mpya, akipeleka mafuta Zambia na kurudi na shaba. Alijua gereji zote, mizani zote, na daraja lipi maji hulipanda masika. Lakini Kalenga hakuwahi kuingia, wala Isimila, wala kwa kile kimondo cha Mbozi ambacho kibao chake alikipita maisha yake yote ya kazi. Lori la tani 30 huliingizi kijijini halafu ukamweleza tajiri kwamba ulikwenda kumsalimu Mkwawa. Siku aliyosikia nimenunua gari, aliniuliza swali moja tu: "Linapanda Kitonga?" Nilipomjibu linapanda, akasema, "Basi nipeleke nikaone nilivyovipita."

Tulisafiri naye mimi, mke wangu na binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa shule ya msingi. Mikumi tuliipita taratibu, kwani barabara inakatiza hifadhini kwa kilomita 50 hivi na mabango yanakutajia faini ya kila mnyama utakayemgonga. Mjomba alimsomea mtoto orodha ile kwa sauti, twiga bei gani, tembo bei gani, kama mtu anayesoma bei za buchani. Kisha akasinzia mpaka kwenye bonde la mibuyu.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Lugalo, kabla ya kufika Iringa. Pale, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mtwa, yaani mtawala wao, Mkwawa walivizia msafara wa kijeshi wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski, yule ambaye wenyeji walimwita Nyundo. Zelewski akafa palepale, na sehemu kubwa ya kikosi chake ikafa naye. Kambi ya Lugalo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutoka hapo, jambo ambalo maelfu ya watu wanaoshuka daladala kituo cha Lugalo kila siku hawana haja ya kulifikiria. Kuna mnara wa kumbukumbu karibu na barabara. Mjomba aliutambua mara moja. Alikuwa akisimama maeneo hayo kugonga matairi kwa nyundo, kusikiliza lipi limepungua upepo. Alidhani ni alama ya wapimaji wa barabara. Nilipomweleza kwamba uliwekwa kuwakumbuka Wajerumani waliouawa, aliuzunguka mara mbili.

"Kwa hiyo huu ni mnara wa waliopigwa," alisema.

"Ndiyo, Mjomba."

"Na waliopiga?"

Nikamwambia twende Kalenga.

Kalenga ni kijiji kilicho kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini, kwenye barabara iendayo Hifadhi ya Ruaha. Makumbusho yake ni nyumba ndogo ambayo ukiingia huna pa kupotelea. Kuna mikuki, ngao, marungu, bunduki kuukuu, na kabati la kioo. Ndani ya kioo kuna fuvu la kichwa cha Mkwawa.

Historia ya fuvu hilo ningeisoma katika riwaya nisingeiamini. Baada ya Lugalo, Wajerumani walijipanga miaka mitatu, wakaja na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaiteka ngome ya mawe ya Kalenga. Mkwawa aliponyoka. Kwa karibu miaka minne alizunguka porini akiwasumbua, huku watu wake wakimlisha na kumficha, ingawa kichwa chake kilikuwa kimetangaziwa zawadi ya fedha. Tarehe 19 Julai 1898, alipoona wamemkaribia, alijipiga risasi huko Mlambalasi. Waliomkuta wakakata kichwa, nacho kikapelekwa Ujerumani.

Hapo wengi wanadhani habari imekwisha. Lakini Vita Kuu ya Kwanza ilipomalizika, katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, Kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani irudishe vitu viwili ndani ya miezi sita: msahafu wa Khalifa Uthman, apewe mfalme wa Hijazi, na fuvu la Sultani Mkwawa, ikabidhiwe serikali ya Uingereza. Mkataba uliogawa Ulaya upya ulitenga sentensi nzima kwa kichwa cha mtu wa Kalenga. Miezi sita ikapita, ikapita miaka. Ni mwaka 1954 ndipo Gavana Edward Twining alipolileta fuvu kutoka makumbusho ya Bremen na kulikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Huko Bremen mafuvu yalikuwa mengi. Hili lilichaguliwa kwa kulinganisha vipimo vyake na vichwa vya ndugu za Mkwawa, na kwa tundu la risasi. Wapo wanahistoria wanaotia shaka kama ndilo lenyewe. Kalenga hakuna anayetia shaka, na mimi nikiwa ndani ya nyumba ile sikutaka kuwa wa kwanza.

Mtunza makumbusho alikuwa kijana mchangamfu aliyeikariri historia yote, tarehe kwa tarehe. Alitiririka bila kupumua, jinsi watu wanavyotiririka wanaposema maneno yaleyale kila siku. Mjomba, aliyevua kofia tangu mlangoni, alimsubiri amalize, kisha akauliza:

"Mwanangu, umesema mwili wake uko wapi?"

"Mlambalasi, mzee. Kaburi lipo kule."

"Na kichwa kiko hapa kwenye kioo."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa nini asizikwe akakamilika?"

Yule kijana alinyamaza. Ile hotuba ilikuwa imefika ukingoni, na ilionekana wageni wa siku zote huishia kwenye kupiga picha. Alichojibu hakikuwa cha kukariri. "Mzee, hilo ni la ukoo, si langu." Halafu, pengine kwa kuwa ameshajibu kama yeye mwenyewe, akatutoa nje, akatuonyesha makaburi ya watwa waliofuata, akaeleza ngome ilianzia wapi na kuishia wapi, na nani sasa analima juu ya msingi wake. Tulisimama na kijana huyo muda mrefu kuliko tuliotumia ndani, na maelezo mengi ya Kalenga niliyonayo kichwani ni ya nje.

Tangu siku ile nina kanuni moja ninapoingia makumbusho ndogo: sikilizeni hotuba mpaka mwisho kwa adabu, kisha ulizeni swali ambalo mtoto au mzee angeuliza. Watunzaji wa sehemu hizi wanajua mara kumi ya wanachosema. Hawasemi kwa sababu hatuwaulizi, na hatuwaulizi kwa sababu gari liko nje linatusubiri.

Isimila tulikwenda jioni ya siku hiyohiyo. Iko kilomita 20 hivi kutoka Iringa, ukielekea Mbeya, kando kidogo ya barabara kuu. Watu wanakwenda kwa ajili ya nguzo za udongo, ambazo mvua na upepo vimezichonga zikasimama korongoni juu kuliko nyumba, na ni kweli zinapendeza, hasa jua likilala. Harusi za Iringa zinapigia picha pale. Lakini hazina yenyewe iko chini miguuni. Ni mashoka ya mawe, yamelala palepale yalipoachwa na watu waliokuwa wakiyachonga kando ya ziwa dogo lililokauka zamani sana. Umri unaotajwa mara nyingi ni miaka 260,000. Wataalamu walianza kuyafahamu mwaka 1951, na miaka ya mwisho ya muongo huo mtafiti Mmarekani, Clark Howell, akachimba na kukuta pia mifupa ya aina ya kiboko ambayo haipo tena duniani.

Aliyetutembeza alimpa binti yangu shoka moja alishike. Lilimjaa viganja viwili. Akamwonyesha jinsi upande mmoja umechongwa mpaka ukawa na makali na mwingine umeachwa mnene ili mkono upumzike. Mtoto akalishika shika, akaligeuza upande huu na ule, akasema, "Huyu alikuwa anatumia mkono wa kulia." Sijui kama ni kweli, na yule mwongozaji hakumkosoa. Alimwambia tu alirudishe lilipokuwa, na upande uleule juu.

Ningekuwa nimeliona shoka lile Dar es Salaam, kwenye kabati lenye taa na kikaratasi cha namba, ningelipita. Najijua. Lilinishika kwa sababu nilisimama kwenye mchanga ambao aliyelitengeneza alisimama, na kwa sababu juu ya korongo pimbi walikuwa wanatuchungulia kana kwamba sisi ndio maonyesho. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa historia na alikuwa amefundisha Isimila darasani miaka mingi kwa kutumia mchoro ubaoni, hakusema neno mpaka tulipofika kwenye gari. Muhula uliofuata aliwaandikia wazazi kuomba nauli ya ziara.

Kutoka Iringa hadi Mbeya sina mengi. Mafinga kuna baridi na mbao, Makambako kuna reli ya TAZARA na upepo, Chimala kuna mchele. Tulishuka mpaka Rungwe kumsalimia bibi na kupita Daraja la Mungu, mwamba ambao mto Kiwira umeutoboa ukapita chini yake na kuacha daraja juu. Ni mahali pazuri. Ila nisimdanganye msomaji, mandhari nzuri huisha upesi. Unasimama, unashangaa, unapiga picha, mtoto anaomba soda, mnaondoka. Sijawahi kukaa mbele ya maporomoko ya maji kwa muda niliokaa mbele ya kabati la Kalenga, na nadhani ni kwa sababu maji hayaulizi chochote.

Kimondo cha Mbozi kiko kijiji cha Ndolezi, mkoani Songwe, ukiacha barabara kuu ya Tunduma na kuingia ndani kati ya mashamba ya mahindi na kahawa. Mwaka 1930 mpimaji ardhi aitwaye W. H. Nott alikiona kikiwa kimefunikwa na udongo, kimechomoza juu tu. Wenyeji walikuwa wanakifahamu. Wakachimba kukizunguka pande zote na kuacha nguzo ya udongo chini yake, na nguzo hiyo ikaja kuzibwa kwa zege, ndiyo maana leo kinaonekana kama kimewekwa kwenye kiti. Urefu wake ni mita tatu na ushei. Uzito wanautaja kuwa tani 12, wengine 16. Sehemu kubwa, kama asilimia 90, ni chuma, na karibu asilimia 9 ni nikeli. Vimondo vikubwa kuliko hiki duniani vinahesabika, na kinachovizidi vyote, kile cha Hoba nchini Namibia chenye tani kama 60, nacho hakijawahi kuhamishwa.

Mjomba alikizunguka kama anavyokagua gari la mtu mwingine. Akaokota kokoto, akagonga. Mlio ukatoka wa chuma, mrefu na safi. Akacheka peke yake. Miaka yote ile alipokuwa akikipita alidhani ni jiwe tu, na mawe ameyaona. Akamwuliza mwongozaji uzito, akajibiwa.

"Tani 12? Hiyo naipakia leo. Unahitaji kreni na minyororo tu. Mimi nilikuwa napita hapa na tani 30 kila safari."

"Sasa mbona hawakuichukua, babu?" binti yangu akauliza.

Mjomba alifikiri. "Labda walishindwa. Au labda kuna mtu alisema iacheni."

Usiku ule, katika nyumba ya wageni ya Vwawa, sikulala mapema. Nilikuwa nawaza juu ya vitu vilivyochukuliwa na vilivyoachwa. Kichwa cha mtu ni chepesi. Kinaingia kwenye sanduku, kinapanda meli, kinafika Bremen na kupewa namba kati ya vichwa vingine, na inachukua zaidi ya miaka 50 na mkataba wa dunia kukirudisha kijijini. Kimondo ni kizito, kikabaki. Lakini uzito peke yake hauelezi. Huko Tendaguru, mkoa wa Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi mikubwa ya kale, tani zaidi ya 200, na wapagazi wetu wakaibeba mabegani na vichwani kwa miguu hadi bandarini. Mifupa ile leo imesimama Berlin, mjusi mmoja akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Nimefika Lindi nikaulizia Tendaguru. Wazee walinionyesha upande kwa kidole na kuniambia huko sasa ni pori, ukifika utaona pori. Kwa hiyo wanaotaka kitu huwa hawashindwi na uzito, maana mabega ya kubebea huyapata.

Siku hizi Watanzania wengi wanadai mifupa ile irudi, na wengine wanauliza ikirudi itakaa wapi, nani ataitunza, umeme utakatika mara ngapi. Nimesikia pande zote mbili zikibishana mpaka chai ikapoa. Mimi nikiwasikiliza, namfikiria mtunzaji wa Kalenga na nyumba yake ya chumba kimoja. Hana taa za Berlin. Ana mlango unaofunguka kuelekea ardhi ambayo mwenye kichwa kile aliitawala, na majirani ambao ni wajukuu wa waliomficha porini. Hiyo nayo ni hifadhi, na haiwezi kununuliwa. Kwa maoni yangu, anayetaka vilivyo nje virudi aanze kwa kuvitembelea vilivyopo, la sivyo tunadai vitu ambavyo vikifika tutavipita kwa kasi ileile tunayopitia Lugalo.

Mjomba alifariki miaka michache baadaye. Kwenye msiba madereva wenzake walisimulia ajali, wizi wa dizeli na foleni za mpakani, na mmoja wao akaniuliza kama ni kweli marehemu aliwahi kuligonga jiwe lililotoka mbinguni. Nikamjibu ni kweli. Akasema naye amelipita maisha yote. Wawili kati yao nimeshawapeleka.

Ukiwa na safari ya Nyanda za Juu Kusini mwaka huu, ondoka siku moja kabla. Lala Iringa. Asubuhi nenda Kalenga, jioni nenda Isimila jua likishuka, na kama unaendelea Tunduma, Ndolezi itakula nusu siku tu. Viingilio vya wazalendo haviumizi, ila malipo siku hizi ni kwa simu, na mtandao vijijini una tabia zake, kwa hiyo weka salio na chaji mapema. Vaa viatu vya kutembelea korongoni. Beba mtoto mmoja na mzee mmoja, na mkifika waacheni hao waulize kwanza.